Duka la vitu vya kale Mji wa Kale: vifungo vya nevi, tepe za kofia na filimbi niliyoambiwa ni ya 1805

Hii rivyu nimekaa nayo kama wiki tatu manake nilitaka kwanza nimalize kuvikagua vitu vyote nilivonunua, sikutaka kuandika nikiwa bado na raha ya kununua. Duka lenyewe liko Mji wa Kale hapa Mombasa, vile vichochoro vya nyuma ya Ndia Kuu, jina silitaji kwa sababu nina mazuri mengi ya kusema lakini kuna moja limeniuma, na mwenye duka ni mtu mzima namheshimu. Wanauza mchanganyiko, masanduku ya Lamu, mabuli, saa za ukutani, sahani za kichina zenye nyufa, ila ukiingia mkono wa kushoto kuna kabati la kioo la vitu vya nevi tu: vifungo vya makoti, nembo za kofia, tepe za kofia za mabaharia, filimbi, mikanda, kola moja ya buluu. Hilo kabati ndo lilonipeleka.

Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia wa Royal East African Navy, lile jeshi la majini la pamoja la Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar lililokuwepo miaka ya 50 chini ya Waingereza, makao yake hapa hapa Mombasa, likavunjwa 1962. Kenya Navy ni nyingine, hio ilizinduliwa 12 Desemba 1964, na watu wengi huzichanganya hata wauzaji. Vitu vyake babu vilipotea tulipohama nyumba ya zamani, imebaki picha moja tu, amesimama wima na kofia nyeupe, utepe umezunguka kofia na maandishi yapo lakini picha imefifia pale pale penye jina la meli. Nimeitazama kwa lenzi mara sijui ngapi. Kwa hivo mtu akiniambia mahali fulani kuna vitu vya nevi vya zamani mimi huenda, hata kama ni mbali, na katika kwendakwenda huko nimejifunza kuvisoma hivi vitu.

Sasa niwaambie duka likoje. Mwenyewe namuita ami, ni mzee wa makamo, ukiingia tu "karibu mwanangu, keti" na kahawa inakuja kabla hujauliza bei. Kila kitu kina kadi ndogo ya karatasi ngumu imeandikwa kwa kalamu, kitu gani, mwaka gani, bei gani. Anakuruhusu utoe kitu kabatini ukiweke juu ya kitambaa ukigeuze utakavyo, hilo peke yake ni la kusifiwa manake kuna maduka ukigusa tu unaulizwa kama unanunua. Taa ni moja na ni ya manjano, kwa hivo nenda na mwanga wako, na usiende adhuhuri, anafunga kwa swala na huchelewa kufungua. Malipo M-Pesa ama kash. Kurudisha kitu hakuna, na anakuambia mapema.

Nianze na vifungo kwa sababu hapo ndo roho ilinipanda. Kulikuwa na kisahani cha kahawa kina vifungo sita vya dhahabu dhahabu, kadi inasema "Vifungo vya afisa, Royal East African Navy, 1955", 500 kila kimoja. Nikasoma hio kadi mara mbili. Kwa mbele vyote ni sawa, nanga imezungukwa na kamba, juu yake taji, na ukingoni kamba nyingine imezunguka duara lote. Huo ndo muundo wa vifungo vya maafisa wa nevi ya Uingereza, na ile nanga iliyojisokotea kamba ni ya zamani sana, ilikuwepo kwenye vifungo karne ya 18 tayari, taji likaongezwa 1812. Kwa hivo mtu akikuonyesha kifungo kina taji na nanga akakuambia kilikuwa Trafalgar, vile vita vya baharini alivofia Nelson, amiri wa Waingereza, mwambie hapana kwa adabu, Trafalgar ilikuwa 1805.

Lakini kifungo hakisomwi mbele, kinasomwa nyuma. Nyuma kuna kile kitanzi cha kushonea na kukizunguka kuna jina la aliyekitengeneza ama fundi aliyeshona koti. Nikakigeuza cha kwanza, nikawasha tochi ya simu, nikaona GIEVES & HAWKES LONDON. Cha pili hivo hivo. Cha tatu, cha nne. Moyo ukashuka. Gieves walikuwa mafundi cherehani wa maafisa wa nevi kwa miaka mingi sana, na Hawkes walikuwa kampuni nyingine kabisa, wao zaidi wakishonea jeshi la nchi kavu. Hizi mbili ziliungana 1974. Kabla ya hapo hakuna kifungo duniani kingeandikwa majina hayo mawili pamoja. Sasa jeshi lenyewe lilivunjwa 1962, kifungo kimetengenezwa si chini ya miaka 12 baadaye, kitakuwaje cha 1955?

Cha tano kikaandikwa GIEVES LTD peke yake. Hicho kikanirudishia pumzi, manake jina hilo ni la kabla ya kuungana, na mbele kina taji la malkia, kwa hivo kiko kati ya 1953 na 1974, na hapo katikati ndo kuna miaka ya babu. Cha sita kitanzi kilikatika na nyuma kumelika, hakisomeki, nikakiweka pembeni.

Hapo kwenye taji nitasimama kidogo manake ndo swali ninaloulizwa zaidi na watu wakiona mkusanyiko wangu. Taji la mfalme, la 1901 mpaka 1952, yale matao yake yanapanda juu na kukutana kwa mviringo, yaani umbo lake ni kama kuba la msikiti. Taji la malkia Elizabeth lililoanza 1953, matao yanapanda alafu katikati yanabonyea, kama mto uliobonyezwa kwa ngumi, na juu ya hapo palipobonyea ndo pamekaa tufe na msalaba. Ukishaiona tofauti mara moja hutaisahau tena, hata kwenye kitu kidogo kama ukucha. Kabla ya 1901 ni taji la Victoria, hilo mafundi walilichora kila mtu na namna yake kwa hivo linahitaji jicho zaidi.

Na kuna mtego mpya ambao wengi hawajaujua. Mfalme Charles alipoingia 2022 alichagua taji la umbo lile lile la kuba. Sasa nembo na vifungo vipya kabisa vinatoka kiwandani na taji ambalo kwa haraka haraka unaweza kudhani ni la vita vya pili. Ndani ya kabati la ami kuna nembo ya kofia ya afisa, imedariziwa kwa zari, shada la majani, nanga ya rangi ya fedha, taji la kuba, kadi inasema 1940. Kazi nzuri mno ya mkono. Nikaigeuza, kitambaa cha nyuma kilikuwa cheusi ti, hakina hata dalili ya jasho wala vumbi, nyuzi zimekatwa juzi, zari inang'aa sawasawa mpaka kwenye mikunjo. Mtu atasema lakini imefanywa kwa mkono, ndio, lakini nembo za zari za mkono bado zinatengenezwa mpaka leo, Sialkot kule Pakistan ni kazi yao ya kila siku na wanaijua vizuri sana. Mkono wa fundi haukuambii mwaka. Sikuinunua na nikamwambia ami kwa nini, akaishika akaitazama muda mrefu, akasema aliletewa na mtu aliyetoka Dubai pamoja na vitu vingine vya kale akaviamini vyote kwa pamoja.

Jambo ambalo nataka mtu yeyote anayenunua hivi vitu alishike ni hili. Alama inakuambia kitu hakikuwepo kabla ya lini. Haikuambii kilivaliwa mpaka lini. Kifungo cha taji la mfalme kinaweza kuwa kilishonwa kwenye koti 1948 na koti likavaliwa mpaka 1960, koti lenyewe la afisa lilikuwa ghali, nani angelitupa kwa sababu taji limebadilika? Kwa hivo taji la mfalme kwenye picha ya miaka ya 50 si kosa. Lakini taji la malkia kwenye kitu kinachosemwa ni cha vita vya pili, hilo ni kosa na halina maelezo.

Nikamweleza ami yote hayo kuhusu vifungo, kwa sauti ya chini kwa sababu kulikuwa na wateja. Nikamwambia pia kuwa hata kile cha GIEVES LTD hakuna kitu juu yake kinachosema ni cha Royal East African Navy, maafisa wa nevi nzima ya Uingereza walivaa hicho hicho. Na babu yangu hakuwa afisa, mabaharia wa chini walivaa ile blauzi ya kuvuta kichwani yenye kola pana, haina kifungo cha dhahabu hata kimoja, kwa hivo mtu akikuuzia kifungo cha dhahabu kama cha baharia wa kawaida jiulize alikifunga wapi. Ami akaniuliza, "kwa hivo mwanangu mimi nimedanganya watu?" Nikamwambia hapana ami, umeambiwa na wewe ukaandika. Nilinunua kile kimoja kwa 500 zake.

Malalamiko yangu madogo hapa, vifungo vyote vimesuguliwa kwa dawa ya kung'arishia shaba. Tafadhali wenye maduka, msifanye hivo. Ile dhahabu ni ngozi nyembamba sana juu ya shaba, ukisugua mara tatu nne imekwisha na kamba ya ukingoni inalainika mpaka huoni misokoto yake. Kitambaa laini na pumzi ya mdomo vinatosha.

Haya, filimbi. Ni ile filimbi ya serahangi, aliyekuwa akiitia amri melini kwa mlio, bomba jembamba limepinda kidogo, mwishoni kuna kitufe cha duara chenye tundu, chini kuna bamba kama mkuku wa chombo na pete ya kufungia mnyororo. Kadi: "Filimbi ya fedha ya manowari, enzi za Nelson, 1805". Bei 9,000. Ami akanionyesha kwa furaha, "tazama nanga hii hapa, wameipiga muhuri wa nevi".

Kweli kwenye lile bamba kulikuwa na chapa nne ndogo zimepangwa mstari, herufi za mtengenezaji, nanga, simba anatembea, na herufi moja ndani ya kingao. Sasa hio nanga imewapoteza wengi. Si ya nevi. Ni alama ya ofisi ya kupima madini ya Birmingham, mji ambao hauna bahari hata ya kunawia miguu, ofisi yao ilianzishwa 1773 na nanga ndo chapa yao, kijiko cha chai kilichopimwa Birmingham kina nanga hio hio. Simba ndo anakuambia fedha ni ya kiwango chao, 925 kwa 1,000. Na ile herufi ndo mwaka, kila mwaka herufi yake, na zikimalizika wanabadilisha aina ya mwandiko ama umbo la kingao wanaanza tena, kwa hivo herufi bila kingao chake haitoshi.

Kilichonipa wasiwasi na 1805 ni kitu ambacho hakikuwepo. Fedha ya Uingereza ya kuanzia 1784 mpaka 1890 kwa kawaida ilipigwa chapa ya kichwa cha mfalme ama malkia kuonyesha kodi imelipwa. Hapa hapakuwa na kichwa. Vitu vidogo vingine vilisamehewa kodi kwa hivo peke yake si ushahidi kamili, lakini kilinifanya niwe makini. Nikapatana na ami mpaka 7,500, bei ambayo kwa filimbi ya fedha ya zamani yoyote haikuwa mbaya, nikaipeleka kwa sonara wa mtaani kwetu mwenye ile lenzi ya kuweka jichoni. Tukakaa naye dukani kwake baada ya alasiri na jedwali la herufi za Birmingham kwenye simu yangu, yeye anasoma mimi natafuta, kingao hiki, hapana, mkia wa herufi unaenda huku, na ikatua miaka ya vita vya kwanza. Miaka mia na kitu. Si ya Nelson lakini ni kitu kilichokuwepo wakati ule ule manowari HMS Pegasus ilipozamishwa bandarini Zanzibar, 20 Septemba 1914. Sisemi ilikuwa kwenye meli hio, nasema tu ni ya zama zile.

Sonara akaifuta kwa shati lake akaipuliza. Sikutegemea. Mlio mwembamba ukatoka mrefu, alafu akakunja vidole juu ya kile kitufe kama mtu anayefunika mshumaa na mlio ukapanda ghafla, hivo ndo zinavopigwa, mkono ukifunguka sauti ya chini, ukifumba sauti ya juu. Watoto wakaja mlangoni. Mimi nikawaza babu alikuwa akiusikia mlio huu kila asubuhi, na ni mara ya kwanza mimi kuusikia nikiwa nimesimama karibu nao. Hio filimbi siiuzi.

Kitu bora kabisa nilichopata duka lile lakini si filimbi, ni utepe. Kwenye droo ya chini ami ana tepe za kofia zimekunjwa, na mmoja alikuwa ameuandikia "umekatika, jina la meli hakuna", 800. Ni utepe mweusi wa hariri, katikati herufi tatu tu, H.M.S., yaani meli ya mfalme wa Uingereza, basi. Hakuna jina. Nikaufungua wote juu ya kitambaa, haukukatwa popote, herufi zimekaa katikati barabara. Haujakatika huu! Vita vya pili vilipoanza 1939 mabaharia wa Uingereza waliondolewa majina ya meli kwenye kofia ili adui asijue meli gani iko bandari gani, wakavaa H.M.S. peke yake. Fikiria Mombasa 1942, baada ya Wajapani kushambulia Colombo mwezi wa Aprili, meli za Eastern Fleet, kundi la manowari za Waingereza la huku mashariki, zikahamishiwa Kilindini, mji umejaa mabaharia kila kona, na kila kofia inasema kitu kimoja. Kwa hivo kukosa jina ndo kunakoupa utepe huu tarehe.

Niliuangalia kwa karibu sana kabla ya kusema lolote. Herufi ni za uzi wa metali, na uzi huo umegeuka rangi, katikati ya herufi bado kuna udhahabu kidogo ila ukingoni umekuwa hudhurungi unaokaribia weusi, sawa kabisa na joho la zari la mtu wa zamani likitolewa sandukuni. Zari ya plastiki ya siku hizi haifanyi hivo, inabaki ya njano mpaka kiama. Upande mmoja kulikuwa na mikunjo imeshika kabisa pale fundo lilipokuwa limefungwa, mabaharia wa Kiingereza hufunga fundo la kipepeo upande wa sikio la kushoto, na ndani ya mikunjo weusi ni mweusi zaidi kuliko nje kwa sababu jua halikufika. Alafu nikatoa ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti feki, ile wanayo mpaka maduka ya M-Pesa, nikaomba ami azime taa. Nguo na nyuzi za baada ya vita nyingi zina dawa ya kung'arisha weupe, na sabuni za unga pia, chini ya mwanga ule zinawaka buluu nyeupe kama meno disko. Huu utepe ukabaki kimya, giza tupu. Hapa kuna tahadhari, kitu cha zamani kilichofuliwa na sabuni ya kisasa kitawaka pia, kwa hivo kuwaka si hukumu, lakini kutowaka kabisa kukiongezwa na hayo mengine yote kunanitosha mimi.

Nikamwambia ami kabla sijalipa. Sikuweza kunyamaza, amenipa kahawa, amenizimia taa ya duka lake. Nikamwambia huu haujakatika, huu ni mzima na ni wa vita, thamani yake ni zaidi ya 800. Akanitazama akasema bei imeandikwa na yeye ndo aliyeiandika, neno lake ni 800. Nikamuongezea akakataa. Nimekuwa nikilifikiria hilo tangu siku ile.

Sasa lililoniuma. Mara ya pili nilipokwenda ami hakuwepo, alikuwepo kijana anayemsaidia, na juu kabisa kabatini wameweka utepe mpya kwao, ndani ya fremu, S.M.S. KÖNIGSBERG, 15,000, kadi inasema umetolewa Rufiji. Kila mtu wa pwani anaijua hio hadithi, Königsberg ndo iliyoizamisha Pegasus, ikajificha kwenye delta ya Rufiji, Waingereza wakaifuata kule na Wajerumani wenyewe wakaizamisha Julai 1915, mizinga yake ikatolewa ikapigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus mpaka leo, karibu na mzinga wa Pegasus, meli mbili zilizopigana sasa mizinga yao inapigwa jua pamoja, nenda ukauone. Kwa hivo utepe wa meli hio ni kitu mtu wa hapa atakilipia kwa moyo, na ndo maana wanaotengeneza feki wanaipenda.

Nikaomba kuutoa kwenye fremu. Akatoa kwa shida. Herufi za njano zinang'aa sawa kila mahali, hakuna ukingo ulioiva. Hakuna mkunjo wa kufungwa, na tepe za Kijerumani zilifungwa nyuma ya kofia mikia miwili ikaning'inia mgongoni, ungetegemea alama. Nikawasha tochi ya zambarau, nyuzi za ukingoni zikawaka zote. Na hadithi ya Rufiji yenyewe haisimami, hariri na uzi wa metali vilivokaa kwenye matope ya mikoko havitoki vimenyooka hivi. Nikamwambia pia, kwa upole nadhani, hata ungekuwa halisi bado usingejua ni wa meli ya Rufiji, kwa sababu Wajerumani walishusha majini Königsberg nyingine mwaka ule ule wa 1915, nayo ikaandikwa S.M.S. kama ile, wakaja kuikabidhi Ufaransa 1920. S.M.S. maana yake meli ya Mtukufu Mfalme, Kaiser, huyo mfalme wao, alipoondoka 1918 herufi hizo zikaondoka naye, kwa hivo angalau ungejua ni wa kabla ya hapo, lakini wa Königsberg ipi?

Kijana akapandisha sauti. Akasema mimi nimekuja kuharibu biashara, hawauzi feki, na kama sina pesa nisishike vitu. Mbele za watu. Nilitoka nikiwa natetemeka. Mimi sikumwita mwizi, nimekuwa nikivitazama hivi vitu kwa sababu nina babu kwenye picha ambaye jina la meli yake silisomi, na mtu atakayelipa 15,000 kwa utepe ule huenda naye ana babu.

Nilirudi wiki iliyofuata ami akiwepo nikamsimulia yote. Aliniomba radhi, akamuita kijana naye akaomba, hapo nimesamehe. Na kuna kitu alifanya. Alitoa kadi zote za kabati la nevi akaziweka mezani, akanipa kalamu ya risasi, tukapitia moja moja. Ya vifungo vinne ikawa "baada ya 1974", bei akashusha mpaka 150. Ya nembo ya zari akaandika "mpya, kazi ya mkono", bei akaiacha, na kwa kweli kama kazi ya mkono inastahili. Ya kola ya buluu ilikuwa imeandikwa "mistari mitatu kwa ushindi mitatu wa Nelson", hio hadithi nzuri lakini mistari mitatu ilikuja na kanuni za sare za 1857, Nelson ameshakufa miaka 50 na zaidi, akaifuta akaandika "kola ya baharia" tu. Mimi nikasema aandike na kuwa ni ya pamba na ina namba ya mwenyewe ndani, manake hio namba siku moja mtu anaweza kuijua.

Nyota nitampa 4 kwa 5. Heshima, kuruhusu kukagua, bei, na kukubali kurekebishwa, sijaona duka lingine hapa mjini la namna hii. Nyota moja nimeitoa kwa kung'arisha vifungo na kwa ule utepe, kwa sababu ami mwenyewe ameniambia ule si wake, kuna mtu ameuweka pale auziwe na hawezi kuutoa bila ruhusa yake. Alhamisi nimepita, bado uko juu kabatini, lakini kadi ya Rufiji imeondolewa na fremu imeachwa wazi nyuma ili mteja autoe mwenyewe. Tochi yangu ya zambarau nimemuachia, iko kwenye droo ya kushoto ya meza, muombeni.